Masters ya Mzee wa Darasa

Mpaka leo sijui nimweke wapi Mzee wa Darasa. Ukiniuliza kama alikuwa mwerevu nitasema ndiyo, halafu nitakumbuka karatasi zake za takwimu na nitarudi nyuma. Ukiniuliza kama alikuwa jasiri nitasema sana, halafu nitamwona amejifungia chooni siku tulipochanjwa. Nimemweleza mume wangu habari zake mara nyingi, na kila mara ananiuliza, "Kwani huyo mtu unamsifu ama unamlalamikia?" Hata mimi sijui. Naandika nikitumaini nitaelewa njiani.

Tulimwita Mzee wa Darasa kwa sababu alikuwa mzee na alikuwa darasani, hakuna siri hapo. Sisi wengine tulikuwa vijana tunaosomea shahada ya uzamili ya magonjwa ya kuambukiza, tunalala kwa hosteli za Kahawa Wendani, tunakula chapati na madondo. Yeye alikuwa afisa wa afya ya umma, wale wanaokagua hoteli na buchari, na alikuwa ameifanya hiyo kazi Ruiru na Thika mpaka nywele zikawa nyeupe. Alikuwa karibu kustaafu. Sasa fikiria mwenyewe: mtu amebakisha muda kidogo apumzike, halafu anajiunga na masters, anabeba begi mgongoni, anapanga laini ya fotokopi na watoto wa rika la wajukuu wake. Ya nini?

Swali letu sisi lilikuwa moja, asubuhi na jioni: tukimaliza hii kozi, kazi iko wapi? Tulidhani yeye hana swali hilo. Kumbe alikuwa nalo kutushinda. Siku moja tukiwa tunangoja mhadhiri, mmoja wetu akamwita babu kwa Kikuyu, akamuuliza, "Guka, wewe utafanya nini na hii digrii?" Akajibu bila kufikiri kwamba kuna kazi moja anayoitaka, moja tu. Ni ile ya afisa wa kufuatilia milipuko ya magonjwa pale Thika, yule ambaye akisaini kwamba ugonjwa umetoka mahali fulani, basi umetoka hapo.

"Na si unastaafu?"

"Ni kazi ya kontrakti. Kontrakti haiangalii mvi."

"Na ukikosa?"

"Siwezi kukosa," akasema, na uso wake ukabadilika kiasi kwamba hakuna aliyecheka.

Tabia zake zingemfanya mtu yeyote achoke. Alitembea na kipande cha sabuni ndani ya kikopo, na hakunawa kwa sabuni ya mtu mwingine. Tulipomaliza mitihani ya kwanza tulienda Kamakis kula nyama choma, na sisi tukiwa tunagombania viti, yeye akapitia nyuma kwa mchomaji. "Huu ubao mnauosha na maji ya wapi?" Yule jamaa akamwangalia na kisu mkononi. "Mzee, wewe ni kanjo, wale askari wa kaunti?" "Mimi ni mteja." "Mteja hukaa kwa meza, mzee wangu." Hakukaa. Ubao ulioshwa, kisu kikaoshwa, mikono ikaoshwa, na sisi tukala nyama wakati watu wengine wanaenda nyumbani. Na baada ya fujo yote hiyo, yeye aliagiza soda tu. Akasema hana njaa.

Tena kuna siku mwenzetu mmoja alikuwa anapeleka ruracio, yaani mahari, kwa kina msichana wake, upande wa juu wa Thika. Mjomba wake aliugua ghafla, kwa hivyo tukamwomba Mzee asimame na wazee. Alikubali, akavaa koti, akaja. Mazungumzo yakafika mahali pazuri, msemaji wetu akageuka amwulize Mzee neno, Mzee hayupo. Tulimpata nyuma ya nyumba amefunua tangi la wakwe, amechutama, anatazama ndani. "Kuna mabuu ya mbu humu," akasema kwa sauti ambayo ilifika sebuleni. Haiya! Sote tulitamani kuzama ardhini. Baba ya msichana akauliza, "Huyu mzee alikuja kuoa msichana wangu ama kuoa tangi?" Nyumba nzima ikacheka, kwa bahati nzuri. Wiki iliyofuata Mzee alirudi huko peke yake na kifuniko kipya cha tangi, na mpaka sasa wale watu wanamsalimia kila Krismasi kuliko wanavyomsalimia bwana harusi.

Lakini mtu huyohuyo, siku ya kuchanjwa homa ya ini kabla hatujaruhusiwa kuingia maabara, hakuonekana. Muuguzi aliita jina lake mpaka akachoka. Nilimkuta ndani ya choo cha wanaume, maana nilibisha na sauti yake ikajibu. "Nina mafua, mami," akasema. Mami ndivyo alivyoniita, kama wazee wa kwetu wanavyowaita mabinti zao. Nilimwambia mafua si sababu, na tena yeye amepeleka maelfu ya watoto kuchanjwa. "Hao niliwashika mikono," akasema huko ndani. "Mimi nani atanishika?" Nilimshika mkono mimi. Alifumba macho na jasho likamtoka kwenye paji la uso, mtu ambaye mabuchari wa Ruiru nzima walikuwa wanafunga milango wakisikia anakuja.

Takwimu zilimtesa. Tulikuwa tunakaa kwa baraza la duka la fotokopi Wendani, mimi nachora jedwali, yeye ananiangalia kwa huruma. "Mami, hizi namba zinanikimbia." Alianguka mtihani huo, akaurudia, akapita kwa kubanwabanwa. Hakuona aibu. Kilichonishangaza ni kwamba katika masomo yote, na wahadhiri wote, alikuwa na swali moja tu la kuuliza. Mhadhiri akimaliza kutufundisha namna ya kuchunguza mlipuko, akitaja hatua zake vizuri kabisa, Mzee ananyoosha mkono. "Na ukikosea je?"

"Ukikosea unaanza uchunguzi upya," mhadhiri akamjibu siku moja.

"Na yule uliyemfungia biashara?"

Mhadhiri aliangalia saa yake, akasema muda umeisha. Mzee aliendelea kukaa na mkono wake nusu juu. Mimi nilidhani anasumbua tu, vile wazee husumbua.

Tulipomaliza, darasa letu lilitawanyika kwa njia ambayo bado inanichanganya. Yule aliyetuongoza kwa maksi yuko Ruiru, anauza chanjo za kuku na dawa za ng'ombe kwa agrovet ya dada yake. Yule tuliyedhani hatamaliza ndiye yuko ng'ambo anatafuta udaktari wa falsafa. Mmoja yuko kampuni ya bima, kazi yake ni kuangalia kama homa ya mtu ni ya kweli. Mwingine huingia kwa mradi wa utafiti, mradi unaisha, anakaa nyumbani, anaingia mwingine, na mama yake huwaambia watu wa kanisa kwamba mtoto ni daktari yuko likizo. Mimi nilipata vipindi vya hapa na pale kwa chuo kidogo cha uuguzi mjini Thika. Sikujua kama nimefaulu ama nimefeli, na hakukuwa na mtu wa kumuuliza.

Mzee alitupigia simu sote, mmoja mmoja, bila kukosa. Hakuuliza mshahara. Aliuliza, "Wanakusikiliza?" Yule wa agrovet akamjibu kwamba kuku humsikiliza sana. Mzee hakucheka, alitaka kujua kama wenye kuku nao humsikiliza, na aliposikia ndiyo, akasema huyo ndiye ametangulia kufika. Kwangu aliuliza swali hilohilo, na mimi nikamuuliza habari za afya yake.

Sasa kuna kitu kimoja ambacho sote tulikiona na hakuna aliyekielewa. Mzee huyu aliyekagua maji ya kila hoteli na ubao wa kila mchoma nyama alikuwa anakula chakula cha mchana mahali pamoja tu, kwa kibanda cha mama mmoja karibu na stesheni ya treni ya Ruiru. Mama wa Githeri, ndivyo watu walivyomwita, kwa ajili ya mahindi na maharagwe aliyochemsha pamoja. Nilienda naye huko mara kadhaa. Kibanda chenyewe kilikuwa na benchi moja, mtungi wa maji bila kifuniko, na sahani zinazooshwa kwa karai moja. Nikamngoja Mzee aanze. Hakuanza. Hakuangalia mtungi, hakuuliza maji ni ya wapi, hata kikopo cha sabuni hakukitoa. Alisema, "Githeri na avokado, mama," akainamisha kichwa, akala mpaka punje ya mwisho, akasema asante. Yule mama naye alikuwa mtu wa maneno machache. Alimpakulia nyingi kuliko wengine. Nilimuuliza Mzee kwa nini hapa hakagui. Akasema, "Hapa nilishakagua." Basi.

Alistaafu. Kazi ikatangazwa, ile aliyoingoja, na aliyeniletea tangazo ni yeye. Wee! Nilidhani amechanganyikiwa. "Guka, hii si ndiyo kazi yako?" nikamuuliza kwa simu. Akaniambia nitume barua haraka. Nikamwambia tutashindana. Akasema, "Akiipata mmoja wetu, imepatikana." Sikuelewa kama ananipenda ama ananidharau.

Siku ya mahojiano nilifika kwa hiyo ofisi ya afya pale Thika nimevaa viatu vya kuazima vinavyobana. Nikaitwa. Nikafungua mlango, nikasalimia, nikainua macho, na nani nakuta ameketi katika meza ya wanaohoji? Mzee wa Darasa. Koti, tai, kikombe cha chai mbele yake na samosa iliyoumwa nusu. Mwenyekiti, mama mmoja mwenye miwani, ananionyesha kiti. Mzee anasema, "Keti, mami," kisha anajikohoza. "Keti, mwombaji."

Nilichanganyikiwa mpaka nikasahau jina la chuo changu. Nilifikiri labda wamemwajiri tayari, labda yeye ndiye bosi, labda hii ndiyo maana alinitumia tangazo. Wengine wakauliza maswali yao, nikajibu ninavyojua. Zamu yake ikafika.

"Watu wameanza kuhara kwa mtaa," akasema. "Wengi wanasema walikula kwa kibanda cha mama fulani. Utafanya nini?"

Hilo nililijua. Nikasema nitaongea na wagonjwa, nitachukua sampuli za chakula na maji, nitapeleka maabara.

"Majibu yatachukua siku kadhaa. Na kibanda?"

"Nitakifunga kwa usalama wa watu."

Mwenyekiti akatikisa kichwa kukubali, akaandika. Mzee akasukuma samosa yake kando.

"Na majibu yakisema si yeye?"

"Nitamfungulia."

"Hiyo tu?"

"Ndiyo," nikasema. "Hiyo tu."

Hapo mlango ukafunguliwa, akaingia bwana mmoja anahema, anaomba msamaha kwamba msongamano wa barabara ya Thika umemmaliza. Alikuwa anatoka makao makuu, na ndiye mhoji waliyekuwa wanamngoja. Akatafuta kiti chake. Kiti kina mtu. Mwenyekiti akavua miwani, akamgeukia Mzee. "Samahani, na wewe ni nani?"

"Mimi ni mwombaji," Mzee akasema kwa heshima zote. "Nahojiwa saa nane."

"Ngai! Na mbona ukakaa hapa?"

"Nilifika, nikaambiwa karibu mzee, wengine wako ndani. Nikapewa chai."

Nilitolewa nje. Yeye akatolewa nje. Nikaitwa tena, nikajibu maswali yaleyale bila yeye kuwepo, na la kwake halikuulizwa. Saa nane walimhoji, watu ambao hawangeweza tena kumtazama usoni. Kazi nikapata mimi. Naambiwa nilistahili, na labda ni kweli, lakini sijawahi kuwa na furaha kamili na hiyo barua ya ajira.

Siku hiyo ya mahojiano alipotoka alinikuta kwa benchi ya nje nikimngoja, nimekasirika sana. "Guka, umenifanyia nini mbele ya watu?" Akaketi kando yangu na ndipo akanieleza, kwa mara ya kwanza, polepole. Miaka ya nyuma kipindupindu kiliingia Ruiru. Watu wengi walikuwa wamekula kwa kibanda cha mama mmoja aliyekuwa na benchi nyingi na wateja wa kungoja zamu. Yeye akiwa afisa alikuja na barakoa, koti jeupe na gambuti, akamwamuru mama atoe sufuria nje, akamwaga chakula, akafunga, akaandika ripoti kwamba ugonjwa umetoka hapo. Watu wakaendelea kuugua. Mwishowe ugonjwa ukaisha wenyewe na hakuna mtu aliyerudi kuuliza. Mama alifungua tena, lakini wateja hawakurudi, maana kwao yeye ndiye aliyeleta kipindupindu.

"Utafiti wangu wa masters ulikuwa huo," akasema. "Nilirudi kwa waliougua, nyumba kwa nyumba. Nusu yao hawakuwahi kula kwake. Ilikuwa maji, mami. Mchuuzi mmoja wa maji. Mama yule hakuwa na kosa lolote."

"Ni Mama wa Githeri," nikasema.

"Ni yeye. Sahihi kwa ile ripoti ni yangu, na mimi nimestaafu, mtu aliyestaafu hawezi kufuta ripoti. Nilitaka kile kiti niifute. Nimpelekee kitu cha ofisi, na muhuri, kwamba ni safi. Lile swali leo nilikuuliza si kukuangusha. Umejibu vile kitabu kinasema. Hata mimi nilijibu hivyo."

Hasira yangu iliisha na sikujua niweke nini mahali pake. Miaka ya masomo, takwimu zilizomkimbia, sindano, mahojiano, vyote kwa sababu ya benchi za mama mmoja. Na kwa vile tumesomea kitu kimoja, niliona ana haki kabisa. Kwetu sisi jambo halijakuwa kweli mpaka liandikwe na mtu mwenye mamlaka. Nikamwahidi kwamba nikipewa mimi, nitaandika.

Niliandika. Ilichukua muda, maana hakuna aliyejua ripoti ya zamani hufutwaje, na kila meza ilinituma meza nyingine. Nikapata muhuri. Nikampigia Mzee, akaniomba nimsomee barua yote kwa simu, mara mbili.

Tulikutana Ruiru Jumamosi mchana. Ndiyo mara ya mwisho nimemwona mpaka sasa. Alikuwa amekonda, na alikuwa amevaa koti na tai ileile ya mahojiano. Alikuwa na woga, niliuona wazi. "Wewe ndiye utaongea," akaniambia tukiwa bado barabarani. "Wewe ndiye ofisi. Mimi nitakula tu."

Mama wa Githeri akatuona. "Haiya, mteja wangu, leo umevaa hivi, kuna harusi?" Akampakulia bila kuuliza. Mzee akaketi kwenye benchi, akainama, akaanza kula. Hakukuwa na mteja mwingine. Mimi nikajitambulisha, nikatoa ile barua, nikamweleza kwa sauti yangu ya kazi kwamba ofisi imechunguza upya ule mlipuko wa zamani, kwamba ugonjwa ulitokana na maji, kwamba chakula chake hakikuwa na kosa, na ofisi inasikitika. Alinisikiliza ameshika upawa. Sikuona furaha usoni mwake, na hilo likanichanganya, nikaanza kurudia maneno yaleyale.

"Nimesikia, msichana wangu," akanikatiza. "Na ni nani alikutuma?"

Nikamwangalia Mzee. Mzee alikuwa anaangalia sahani.

"Mimi nilimjua siku ya kwanza alipokuja kula hapa," Mama wa Githeri akasema. Alikuwa anaongea na mimi, lakini macho yalikuwa kwake. "Barakoa haifichi sauti. Hiyo sauti ndiyo iliniambia nitoe sufuria nje, watoto wangu wakiangalia. Nikasema wacha ale, akishiba ataongea. Amekula miaka yote hii. Nikaskia ati ameenda university. Nikaskia ati anatafuta kazi kubwa Thika. Mimi nangoja tu. Kwani kusema pole kunataka masters?"

Nilirudisha barua kwenye begi, sijui kwa nini, hakuna aliyeniambia. Mzee aliweka kijiko chini. Alifumba macho vile alivyoyafumba siku ya sindano, na safari hii sikumshika mkono.

"Mama," akasema. "Ni mimi nilikufungia."

"Najua," akasema yule mama. Akaweka upawa ndani ya sufuria, akavuta kigoda, akaketi mbele yake. "Endelea."